Viatu vya kutembelea Tanga: pima kwa mguu wa jioni

Mgeni anayepanga kuja Tanga mwezi wa Januari huuliza joto likoje, hoteli bei gani, na pweza anapatikana wapi. Viatu haulizi. Hutupia begini raba yoyote iliyo karibu na mlango, au hununua sendo mpya jioni ya kuamkia safari, na siku ya pili unamkuta Raskazone anachechemea, kiatu kimoja mkononi. Umbali haukumfanya kitu; kutoka mjini hadi Raskazone ni matembezi ya mtu anayeshusha chakula. Kilichomponza ni kwamba kiatu alikijaribu asubuhi dukani, mguu ukiwa umelala usiku kucha, akaja kukivaa saa tisa alasiri kwenye jua la kaskazi. Hiyo ni miguu miwili tofauti.

Joto hutanua mishipa ya damu, na ukisimama na kutembea mchana kutwa majimaji ya mwili hushukia chini. Mguu unavimba, hasa upande wa upana. Juu ya hapo kuna jasho: miguu yote miwili inakadiriwa kuwa na tezi za jasho zipatazo 250,000, na hewa ya pwani, kwa kuwa imeshajaa unyevu, haina haraka ya kulikausha jasho hilo. Ngozi iliyolowa hulainika na kung'ang'ania soksi. Kiatu kikivuta huku na mfupa ukivuta kule, tabaka la juu la ngozi linaachana na la chini, maji yanajaa katikati, na hilo ndilo lengelenge. Yote yanayofuata hapa yanatokana na mambo hayo mawili, uvimbe na unyevu. Ninamwandikia mtu atakayezunguka mji, aende Amboni na Tongoni, pengine apande Lushoto kabla ya kurudi kwao, na hana fedha ya kununua jozi nne.

Hatua ya 1: Jua utakanyaga nini

Usianze na kiatu, anza na ardhi. Katikati ya mji na zile barabara za namba za Ngamiani ni lami, vumbi la pembezoni na mitaro ya kuruka. Raba nyepesi inatosha kabisa.

Amboni ni habari nyingine. Mapango yale, kilomita kama 8 kaskazini ya mji kwa njia ya Horohoro, ni ya mawe ya chokaa. Chini hakuna usawa, kuna mahali unainama, kuna mahali giza limekaza usione ila pale tochi ya mwenyeji wako inapoangukia. Mawe yaliyokanyagwa na watu miaka nenda rudi yamelainika, na penye unyevu au kinyesi cha popo panateleza. Kule unataka soli yenye meno na kiatu kilichofunika vidole vyote. Ukija na sendo utapita, lakini utapita ukitazama miguu yako badala ya kutazama pango.

Tongoni, kilomita 17 hivi kusini kwa njia ya Pangani, ni magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Unatembea juu ya majani, miiba na vipande vya matumbawe. Mwendo wenyewe ni mfupi. Tatizo ni soli nyembamba, maana kila jiwe utalihisi.

Halafu kuna bahari. Maji ya bamvua yakipwa, ufuko unaongezeka mpaka mtu anashangaa bahari imekwenda wapi. Mgeni huvua viatu akaufuata mchanga, mchanga ukaisha bila kumwambia, akajikuta juu ya mwamba wenye ncha na viumbe wenye miiba. Waangalie wenyeji wanaokwenda kuchokoa pweza: wengi wamevaa raba kuukuu au yeboyebo, na hawavai kwa ajili ya mapambo. Hata kwenye mchanga mkavu na vichochoroni si vizuri kutembea miguu mitupu, kwa sababu minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi ya mguu, na funza naye anatafuta ukucha wa kujificha.

Lushoto iko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku inawashangaza watu wa pwani. Kinachoumiza huko ni kuteremka. Mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, kidole gumba kinagonga ncha kila hatua, na baada ya wiki ukucha unakuwa mweusi. Kumbuka hilo tukifika kwenye kupima.

Ardhi utakayoikanyaga saa nyingi zaidi ndiyo ichague kiatu kikuu. Zilizobaki ziachie jozi ya pili.

Hatua ya 2: Jozi mbili zisizofanana

Jozi ya kwanza iwe raba ya kamba, nyepesi, yenye kitambaa cha matundu juu na mpira wa kweli chini. Ya pili iwe sendo yenye mkanda wa nyuma, unaoshika kisigino. Sababu kubwa ya jozi mbili ni kwamba hapa pwani kiatu kilicholowa jasho leo hakiahidi kukauka kesho asubuhi, na kukivaa kibichi ndiyo njia fupi ya kupata fangasi.

Viatu vilivyowekewa utando wa kuzuia maji huuzwa ghali na husifiwa sana na watu wa nchi za baridi. Kwa Tanga ningeviacha. Utando ule unapunguza hewa, jasho linabaki ndani, na siku maji yakiingia kwa juu, tuseme unashuka kwenye mashua, yanakaa humo siku nzima. Kiatu cha matundu kitalowa upesi, ndiyo, lakini kitakauka upesi pia.

Buti refu la ngozi? Kama unakwenda msitu wa Amani, kule milima ya Usambara, wakati wa masika, sawa, tope la kule linahitaji heshima. Kwa mjini ni adhabu.

Makubadhi nayapenda, na siku ya Ijumaa sioni kiatu kingine kinachoendana na kanzu. Lakini mengi yana soli ya ngozi laini inayoteleza kwenye sakafu ya vigae, na hayana kitu cha kushika kisigino, kwa hiyo vidole vinafanya kazi ya kukamata siku nzima. Ndala hali kadhalika. Ndala ni za bafuni na uani; anayezitembelea kilomita 6 atalala na maumivu ya unyayo na hatajua yametoka wapi. Katambuga za tairi ni imara kupita kiasi, zinakwama tu kwenye uzito, na mikanda yake ikiwa mipya inachuna.

Kuhusu rangi: nyeusi inameza jua, nyeupe inameza vumbi. Kijivu au kaki haitakusumbua kama hizo.

Na kama utapanda bodaboda sana, ambavyo huwezi kukwepa, basi raba ifunike kisigino na kifundo kilicho karibu na ekzosi. Kovu la ekzosi kwenye mguu wa mtalii nimeliona mara nyingi kuliko kovu la matumbawe.

Hatua ya 3: Pima mguu jioni, umesimama

Ngoja saa kumi na moja jioni, baada ya siku ya kutembea. Tandika karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama uzito wote ukiwa juu ya mguu huo. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa baadhi ya watu si kidole gumba, ni cha pili yake, na wauzaji wengi hubonyeza gumba tu. Pima kwa rula kutoka ukutani hadi kwenye alama. Fanya miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana, na uchukue kipimo cha mguu mkubwa.

Namba za Ulaya, hizi za 38, 41, 43, zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Hesabu ya haraka ni hii: chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1.5, zidisha mara 1.5. Mguu wa sentimita 26 unakupa 41.25, kwa hiyo anza kujaribu 41 na 42. Wa sentimita 24 unakupa 38.25. Ni pa kuanzia tu. Viwanda havikubaliani, na 42 ya huyu inaweza kuwa 41 ya yule.

Kwenye raba nyingi kuna kilebo ndani ya ulimi chenye namba tatu au nne. Watu husoma ile ya Ulaya na kuacha nyingine. Tafuta iliyoandikwa CM. Kwa kawaida hiyo inalenga urefu wa mguu wenyewe, na ndiyo ya kuaminika zaidi. Kwa safari ya joto ongeza nusu sentimita juu ya kipimo chako. Ukishavaa na kusimama, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu iwepo nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wa Lushoto wasikubali pungufu ya hapo.

Upana una kipimo rahisi ambacho wengi hawakijui. Chomoa soli ya ndani, iweke chini, ikanyage. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama urefu unakutosha. Kuchukua namba kubwa zaidi ili kupata upana si dawa, kwa sababu kisigino kitaanza kupwaya. Tafuta aina nyingine.

Hatua ya 4: Sokoni

Tuseme ukweli, wengi wetu tunanunua mtumba, na mtumba mzuri wa raba ya kutembelea mara nyingi unaishinda mpya ya bei hiyohiyo. Kazi ni kuchambua. Nenda jioni (ile sababu ya mguu), na uvae soksi utakazosafiri nazo.

Kwanza kigeuze. Tazama mpira wa kisigino umelika upande gani. Kulika kidogo upande wa nje ni kawaida ya watu wengi. Kikiwa kimelika sana upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na povu la ndani limeshajifunza mwendo huo. Wewe utatembezwa nao. Kiweke kwenye meza ya muuzaji, ukitazame kwa nyuma. Kikiinama, kirudishe.

Pili, bonyeza povu lililo kati ya mpira wa chini na kiatu. Linatakiwa libonyee na kurudi. Likiwa gumu, limejaa mikunjo iliyolala, limekufa. Likiwa linaacha ungaunga au linanata kwenye kidole, usikae hapo tena. Kuna povu linaloitwa poliyurithani ambalo unyevu wa hewa hulivunja taratibu hata kama kiatu hakijavaliwa. Raba au buti la aina hiyo likikaa ghalani miaka mingi linaweza kung'aa mithili ya jipya, halafu soli ikamomonyoka siku ya kwanza, ukiwa katikati ya njia. Ndiyo maana mimi siulizi kiatu kimevaliwa kiasi gani, nabonyeza.

Tatu, kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjikia. Kikikunjika katikati ya unyayo hakina uti wa mgongo, na mguu wako utafanya kazi ya huo uti. Kikikataa kukunjika kabisa, ni cha kusimamia, si cha kutembelea. Halafu kinyonge kidogo, utakavyokamua nguo: kigome kiasi, kisizunguke kizima.

Nne, ingiza mkono. Papasa ndani ya kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka pale, plastiki ya ndani itakutafuna kabla ya saa sita mchana. Papasa mishono ya juu ya vidole. Na soma namba za viatu vyote viwili, maana viatu vya mtumba huoanishwa na visivyofanana: kushoto 42, kulia 42 na nusu, na hakuna aliyekudanganya, hakuna tu aliyesoma.

Sasa vaa vyote viwili na utembee. Usiridhike na hatua mbili juu ya kipande cha boksi. Omba ruhusa uende mpaka kona na kurudi, umwachie kiatu chako rehani. Hapo ndipo muuzaji atakapokwambia:

"Kitatanuka hicho, kaka, vaa siku mbili tu."

Muulize kwa upole kitatanuka kwenda wapi. Ngozi halisi hulegea kidogo kwa upana. Kwa urefu hakuna kiatu kinachoongezeka, na raba ya kitambaa cha kiwandani haibadiliki kitu cha kutegemea. Kiatu cha kutembelea kwenye joto kinatakiwa kikae vizuri palepale sokoni. Na bei usiitaje kabla hujamaliza kukijaribu, kwa sababu ukishafurahi usoni, punguzo limekwenda.

Kabla ya kwenda nacho popote, kipitishe kwa fundi. Gundi ya mtumba imeshapita mengi, na joto la lami huimalizia. Mwambie fundi ashone soli kuzunguka, na umwombe akate mfereji mwembamba kwenye mpira ili uzi uzame ndani. Uzi uliobaki juu husagwa na barabara na kukatika mapema. Ukifika nyumbani, badilisha soli ya ndani, osha kiatu kwa sabuni, kianike mpaka kikauke kabisa. Fangasi wa mwenyewe wa kwanza hakuwa sehemu ya biashara.

Hatua ya 5: Soksi, na maji ya udhu

Soksi ya pamba tupu ni laini mkononi na mbaya mguuni kwenye joto, maana hunywa jasho na kukaa nalo. Chukua nyembamba za polista au nailoni iliyochanganywa, au za sufu nyembamba ukizipata. Beba za kubadilisha mchana. Kubadilisha soksi saa saba, miguu ikipata hewa dakika kumi chini ya mwembe, kunafanya kazi kuliko dawa yoyote ya unga.

Anayeswali njiani ana jambo lake la kuzingatia. Ukishatawadha na kuosha miguu, ukiirudisha ndani ya soksi ikiwa bado ina maji katikati ya vidole, umeanza upya kila kitu tulichokuwa tunakikwepa. Weka kitambaa kidogo mfukoni, futa kidole kwa kidole. Kwa siku za misikiti mingi, sendo ya mkanda wa kubandika ni rahisi kuliko kamba za kufungua na kufunga mara tano. Viatu viache kivulini, maana soli nyeusi iliyokaa juani huunguza. Raba ya bei kubwa kuiacha mlangoni siku ya Ijumaa, mjini kwenye watu wengi, hilo nakuachia wewe na bahati yako. Mara nyingi haibiwi, inabadilishwa tu na isiyo yako.

Hatua ya 6: Vizoee kabla ya safari

Siku ya kwanza ndani ya nyumba. Halafu kwenda sokoni na kurudi. Halafu saa mbili mfululizo, mchana wa jua, ukiwa na begi utakalobeba. Kiatu kikikuuma kwenye saa hizo mbili, hakitaacha kwenye safari. Kata kucha siku mbili kabla, zikatwe moja kwa moja bila kuzungusha pembe.

Jifunze pia kufunga kamba kwa kushika kisigino. Raba nyingi zina tundu la ziada juu kabisa, ambalo watu hudhani ni pambo. Pitisha kamba kutoka nje kuingia ndani kwenye tundu hilo, upande uleule, ibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Kisigino kinakaa mahali pake na vidole havigongi mbele unapoteremka. Sehemu ya vidole iache legelege. Mchana itajaa yenyewe.

Njiani

Mguu hutoa taarifa kabla ya lengelenge: pahala pamoja panakuwa pa moto. Simama hapohapo, hata kama wenzako wanakwenda. Futa jasho, bandika plasta ya kitambaa bila mikunjo, au paka mafuta ya mgando, halafu endelea. Dakika tatu hizo huokoa siku tatu.

Lengelenge dogo usilitoboe. Likiwa kubwa na linauma, osha kwa sabuni, toboa pembeni kwa sindano safi iliyochemshwa, toa maji, ngozi yake iache juu, kisha funika. Mwenye kisukari asifanye hivyo mwenyewe, na asitembee bila viatu hata ufukweni. Akague nyayo kila jioni, na kidonda chochote akipeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu mguu wake unaweza kuumia bila yeye kuhisi.

Kiatu kilichoingia maji ya bahari kisuuze kwa maji baridi, vinginevyo chumvi itakaa kwenye mishono na kuanza kukata. Chomoa soli ya ndani, legeza kamba zote, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo. Usikianike juu ya bati wala kukitegemeza kwenye ukuta wa jua kali. Gundi italegea na povu litasinyaa. Magazeti yakilowa yabadilishe kabla hujalala. Asubuhi kikiwa bado kibichi, kiache hapohapo, vaa sendo.